Bonde la Ufa: Je, Maji Yalichimba au Nchi Ilizama?



Nimeombwa niseme nanyi habari za watu waliochunguza ardhi katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Nikijiuliza nianzie wapi, nikakumbuka jambo lililotokea katika nchi yetu mwaka 2018. Mwezi wa Machi mvua kubwa zilinyesha karibu na Mai Mahiu, na barabara iendayo Narok ikakatika. Watu wakaona shimo refu, kuta zake zimesimama wima, limepita katikati ya mashamba, na kina chake chapita kimo cha nyumba. Jamaa kadhaa wakahama makwao kwa hofu. Baada ya siku chache habari zikaenea ulimwenguni kwamba Afrika imepasuka vipande viwili. Wengine wakajibu, "La, hayo ni maji ya mvua tu."

Basi, wenzangu, ugomvi huo si mpya hata kidogo. Swali lile lile liliulizwa juu ya bonde lote zaidi ya miaka mia iliyopita: Je, ni maji yaliyolichimba, au ni nchi yenyewe iliyopasuka na kuzama? Nataka kuwaelezeni jinsi lilivyojibiwa, kwa maana katika njia ya kulijibu mna faida kubwa kuliko katika jibu lenyewe.

Kila mtu aliyepata kusafiri kutoka Nairobi kwenda Naivasha alijua bonde hili. Unapita Limuru katikati ya mashamba ya chai, halafu ghafula nchi inakoma mbele yako. Chini kabisa waona uwanda mpana, na mlima Longonot umesimama peke yake, kilele chake kimekatwa kama chungu kilichovunjika mdomo. Mbali sana, ng'ambo ya pili, kuna ukuta mwingine wa buluu, nao ni Mau. Wazee wetu walipaona hapo tangu zamani. Walijua njia za kushukia mifugo, na mahali panapotoka mvuke na maji ya moto, na maziwa yenye maji ya kunywa na yale yenye magadi. Hawakuwa na haja ya mgeni kuwaambia kwamba bonde liko. Lakini hakuna aliyejua lilianzia wapi na kukomea wapi, maana hakuna aliyepata kulitembea lote.

Mtu wa kwanza kuliona bonde zima alikuwa mtu ambaye hakupata kuiona Afrika ya Mashariki kwa macho yake. Jina lake Eduard Suess, mwalimu mkuu wa elimu ya mawe katika mji wa Vienna, nchi ya Austria. Huyu hakuwa mtu wa vitabu peke yake. Yeye ndiye aliyewashauri watu wa Vienna waache kunywa maji machafu ya visima vya mjini, wavute maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi za milimani. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1873, na watu wakaokoka na maradhi mengi.

Mwaka 1887 msafara wa Count Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, uliondoka pwani ukaelekea bara. Pamoja naye alikuwapo Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini, mtu hodari wa kuchora ramani. Mwezi wa Machi, 1888, walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, wakaliita Rudolf, nasi leo twaliita Turkana. Kusini ya ziwa hilo waliona mlima unaotoa moto. Von Höhnel alipima na kuchora njia yote, akachukua na vipande vya mawe. Vitu hivyo vilipofika Vienna, Suess aliketi mezani akaviangalia sana. Kisha akachukua ramani nyingine: ya Ziwa Nyasa, ya nchi ya Wahabeshi, ya Bahari ya Shamu, ya mto Yordani. Alipoziunganisha, akaona jambo la ajabu. Mabonde hayo yote yalifuatana kama mshono katika kanzu, kutoka kusini mwa Afrika ya Mashariki mpaka Shamu. Mwaka 1891 akachapisha maneno yake kwamba huo si mfululizo wa mabonde ya mito, bali ni mvunjiko mmoja mkubwa katika uso wa dunia.

Lilikuwa neno zuri, lakini lilikuwa dhana. Mtu ameketi Ulaya akasema juu ya nchi asiyoijua. Nani angeamini? Ilipasa mtu aende akatazame mawe yenyewe.

Mtu huyo alikuwa John Walter Gregory. Alizaliwa London mwaka 1864, mtoto wa mfanya biashara ya sufu. Alipotimiza miaka kumi na mitano aliacha shule, akawa karani katika minada ya sufu. Vijana, sikilizeni vizuri hapo. Mchana alifanya kazi yake ya ukarani, na jioni, wenziwe walipokwenda kupumzika, yeye alikwenda kusoma katika masomo ya jioni ya Birkbeck. Kwa njia hiyo akajifunza elimu ya mawe, na mwaka 1887 akaandikwa kazi katika Makumbusho ya London yanayohusu viumbe na mawe. Hakupewa elimu yake katika sahani. Aliikusanya kidogo kidogo, kama mtu anayeokota kuni.

Mwishoni mwa mwaka 1892 alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na msafara mkubwa wa watu wengine. Msafara huo ulivunjika vibaya. Homa ya malaria na kuhara damu viliwaangusha watu, na mambo yote yakaharibika kabla ya kufika mbali. Mtu mwingine angalipanda meli akarudi kwao, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Gregory alikwenda Mombasa, akaajiri wapagazi wapatao arobaini tu, na mwezi wa Machi, 1893, akaanza safari kwa miguu.

Nawaombeni mfikiri kidogo habari za wakati ule. Reli haikuwapo bado. Misafara mingine ilikuwa na watu mamia, wenye bunduki nyingi. Sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe wa Wamasai miaka michache tu nyuma yake, na ndui imewaua watu, hata nchi nzima ilikuwa katika njaa na huzuni. Watu arobaini walipita katika nchi hiyo, wakabeba chakula, hema, maji, na zaidi ya hayo, mawe! Maana kila siku bwana wao aligonga mwamba kwa nyundo, akatia kipande katika mfuko, na mfuko ukapanda juu ya kichwa cha mtu. Majina ya wapagazi wengi hatuyakuti katika vitabu vya elimu. Lakini mawe yaliyosomwa London yalifika huko kwa sababu yalibebwa kwa vichwa na mabega ya watu wa pwani na bara. Katika kuwasifu wenye elimu, tusiwasahau hao.

Walipita Ukambani na Ukikuyu, wakashuka bondeni, wakaenda Naivasha, wakafika Baringo. Kisha wakapanda Laikipia kuelekea Mlima Kenya. Njia nzima Gregory alikuwa na swali moja: maji, au kuzama? Sasa nitawaelezeni aliyoyaona, nanyi mwaweza kuyapima wenyewe, kwa kuwa ushahidi haukuondoka. Uko pale pale mpaka leo.

Ushahidi wa kwanza ni wa maji yenyewe. Mto ukichimba bonde, lazima bonde literemke upande mmoja, toka juu mpaka baharini. Maji hayapandi kilima. Lakini tazameni sakafu ya bonde letu. Turkana iko karibu futi 1,200 juu ya bahari. Ukija kusini mpaka Baringo, umepanda kufika kama futi 3,200. Naivasha iko futi 6,000 na zaidi. Kisha ukiendelea kusini unashuka tena, mpaka Magadi, ambako hapafiki hata futi 2,000. Yaani sakafu imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Ni mto gani uliopita hapo? Tena, katika bonde lote ndani ya Kenya hakuna mto unaotoka kwenda baharini. Maji huingia katika maziwa, yakakaa, yakakauka kwa jua, na chumvi ikabaki. Ndiyo sababu tunapata magadi.

Ushahidi wa pili ni wa mawe. Gregory aliangalia matabaka ya mawe katika kuta za bonde, mawe yaliyotoka chini ya ardhi yakiwa yameyeyuka kama uji, kisha yakaganda, tabaka juu ya tabaka. Aliona kwamba matabaka hayo hayakuishia taratibu, kama yanavyoishia mahali palipoliwa na mto. Yalikuwa yamekatika ghafula, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Na vipande vilivyokatika vilionekana chini, vimeshuka ngazi kwa ngazi kuelekea sakafuni. Mto ungalivichukua vipande hivyo na kuvisaga kuwa mchanga. Vilikuwapo bado, vimeshuka tu.

Ushahidi wa tatu ni wa milima ya moto. Suswa, Longonot, Menengai, na mingine ya kaskazini, imesimama ndani ya bonde kwa mfululizo. Mto hauleti milima ya moto. Lakini nchi ikipasuka, moto wa chini hupata mlango.

Basi Gregory akasema kwamba Suess alikuwa na haki. Ukanda mrefu wa nchi ulizama katikati ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba. Mwataka mfano? Kumbukeni tao la mawe juu ya mlango wa nyumba ya zamani. Nguzo mbili zikisogea mbali kidogo tu, mawe ya katikati hushuka. Hakuna aliyeyachimba, yamekosa kushikwa. Mwaka 1896 Gregory alichapisha kitabu kikubwa cha safari yake, na jina alilolipa bonde likaenea duniani pote. Sisi tulio na kazi ya kufasiri mara nyingi twahangaika kutafuta neno la Kiswahili kwa jambo la kitaalamu. Hapa hatukuhangaika. Neno lilikuwapo katika kila nyumba ya udongo: ufa. Bonde la Ufa.

Kabla ya kurudi pwani, Gregory alipanda Mlima Kenya, akakanyaga barafu kuu ambayo haiyeyuki mwaka mzima. Huko aliona jambo lingine. Chini sana ya barafu hiyo aliona marundo ya mawe na miamba iliyokwaruzwa, ambavyo haviwezi kufanywa ila na barafu inayotambaa. Akajua kwamba zamani barafu ya mlima ilishuka chini zaidi. Aliyoyaandika yamekuwa kipimo kwa waliokuja baadaye. Kwa kupima toka siku zake, twajua kwamba barafu hizo zimepungua sana, na moja iliyoitwa kwa jina lake Gregory imekwisha kabisa. Asingeliandika mtu wa kwanza, wa leo asingejua kilichopotea.

Huenda mmoja wenu akasema moyoni, "Basi, mtu mwenye elimu amesema, na neno limekwisha." Sivyo, ndugu yangu. Walitokea wenye elimu wengine wakampinga. E. J. Wayland, aliyeongoza uchunguzi wa ardhi katika Uganda, alisema kwamba bonde la upande wa Ziwa Albert halikuzama kwa kuvutwa, bali lilibanwa kutoka pande zote mbili. Bailey Willis wa Marekani alikubali maneno ya kubanwa. Mwaka 1936 E. C. Bullard akatoa vipimo vya nguvu ya ardhi ya kuvuta vitu, naye akadhani vinaonyesha kubanwa. Hawa hawakuwa wajinga, walikuwa watu wa akili sana. Ugomvi wao ulikwisha kwa ushahidi mpya tu. Sakafu ya Bahari ya Shamu ilipochunguzwa, ilionekana kwamba Arabuni na Afrika zinaachana. Katika siku zetu vyombo vinavyozunguka angani vimepima nchi kavu, vikaonyesha kwamba upande wa mashariki wa bonde unasogea mbali na upande wa magharibi. Unasogea milimita chache tu kwa mwaka, kiasi ambacho ukucha wa mtu hukua kwa mwezi mmoja au miwili. Nguzo za tao zinaachana, wala hazibanani.

Tena, Gregory mwenyewe alipoacha kushika ushahidi, alipotea kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 1925 alichapisha kitabu juu ya watu wa rangi mbalimbali, akatetea kwamba watengane na kila taifa likae peke yake. Maneno hayo hayakusimama, wala hayakustahili kusimama. Yaliyosimama ni yale aliyoyagonga kwa nyundo yake. Nalisema hili waziwazi ili tusimwabudu mtu kwa sababu ya sifa zake. Tuulize kila mara: Ushahidi uko wapi? Nani aweza kwenda kuuona?

Ardhi ilitoa ushahidi wake yenyewe mzee huyo akiwa hai bado. Tarehe 6 Januari, 1928, tetemeko kubwa lilipiga Subukia. Nchi ilipasuka chini ya ukuta wa Laikipia kwa urefu wa maili zaidi ya 20, na upande wa bondeni ukashuka chini ya upande mwingine. Kwa dakika moja watu waliona kwa macho yao kazi ile ile ambayo Gregory aliisoma katika mawe miaka thelathini na mitano kabla. Miaka minne baadaye, 1932, alikufa maji katika mto mmoja wa Peru, katika safari nyingine ya kuchunguza mawe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Sasa nirudi Mai Mahiu kama nilivyoahidi. Wataalamu wengi walioukagua ufa wa mwaka 2018 walisema kwamba safari hii mvua ndiyo iliyochimba. Udongo wa hapo ni majivu laini ya milima ya moto, nao hupelekwa na maji upesi. Lakini huenda majivu hayo yalikuwa yamejaza ufa wa zamani uliolala chini, na maji yakaufukua. Basi pande zote mbili za ugomvi zilikuwa na sehemu ya haki. Afrika haikukatika usiku mmoja. Wala haikuwa mvua tu, bila ya sababu nyingine chini yake.

Mtaniuliza, "Habari hizi zatufaa nini sisi wenye mashamba na nyumba?" Zatufaa sana. Moto ule uliopata mlango katika ufa huchemsha maji chini ya Olkaria, na tangu mwaka 1981 mvuke wake umekuwa ukitoa umeme kwa taa na viwanda vyetu. Hilo ni baraka ya bonde. Lakini bonde lina hatari zake pia. Anayejenga nyumba, shule au barabara juu ya mstari wa ufa wa zamani hujenga juu ya kaburi lisilofunikwa vizuri. Wazee walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu hakuna fundi awezaye kuuziba. Lililo katika uwezo wetu ni kuujua na kujenga kando yake.

Kwa hiyo nawapa maombi matatu. La kwanza, ukitaka kujenga bondeni, waulize wazee wa mahali hapo wapi nchi ilipata kudidimia au kutoa mvuke, kisha ulizia ofisi ya wachunguzi wa ardhi. Wazee wana kumbukumbu, wachunguzi wana vipimo, navyo vyasaidiana. La pili, ukiona shimo jipya au mstari wa kudidimia baada ya mvua, usingoje likue. Waondoe watoto na mifugo, mwarifu chifu, na uandike tarehe na upana wake. Mstari mmoja katika daftari ni bora kuliko uvumi wa kijiji kizima. La tatu ni kwenu, vijana. Yule karani wa sufu hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na nyundo, kalamu, miguu miwili, na swali asilokubali kuliacha. Mawe aliyoyagonga yangali yamesimama ukutani, karibu na barabara mnayopita kila mnapokwenda Naivasha. Mkishuka safari ijayo, tazameni dirishani.